Somo: Kutunza Mmea wa Majani Ndani ya Nyumba

Ndugu zangu wa Minova na wa vilima vya Kalehe, sikilizeni somo hili. Mtu akishuka kutoka machimbo ya Numbi na kufika Goma ao Bukavu, pengine hununua mmea wa majani makubwa yenye madoa meupe, apate kupamba nyumba yake. Jina lake ni difenbakia. Asili yake ni misitu ya Amerika, penye joto na kivuli. Ni wa jamaa moja na mateke, yaani majimbi, tunayolima mabondeni. Shikeni mambo mawili: maji mengi huuua, na utomvu wake huumiza watu.

1. Chombo. Twaa chungu, debe ao bidoni iliyokatwa. Toboa matundu chini, maji yapate kutoka. Changanya udongo mweusi, mbolea iliyooza sana, na changarawe nyepesi ya volkano. Udongo wa mfinyanzi peke yake haufai.

2. Mwanga. Weka mmea karibu na dirisha, lakini jua kali lisiupige, maana majani yataungua. Geuza chombo kila juma, usiinamie upande mmoja. Usiuweke penye moshi wa jiko wala penye upepo wa usiku. Kwetu kando ya Ziwa Kivu usiku ni baridi, nao hupenda joto.

3. Maji. Mimi mwenyewe niliua mmea wangu wa kwanza kwa kuunywesha kila siku. Majani yaligeuka manjano, nikazidisha maji, kumbe mizizi ilikuwa imeoza. Basi, kwanza tia kidole udongoni. Ukiona unyevu, ngoja. Ukiona pakavu mpaka kiungo cha kwanza cha kidole, mwagia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yale yaliyobaki katika sahani.

4. Majani. Wakati wa kiangazi, mwezi wa 6 mpaka wa 8, vumbi ni jingi. Pangusa majani kwa kitambaa chenye maji. Tazama na chini ya jani, ndipo wadudu wanapojificha.

5. Hatari. Ndani ya mmea huu mna sindano ndogo sana, hazionekani kwa macho. Mtoto akitafuna jani, sindano huchoma ulimi na koo, kinywa huvimba, pengine hawezi kusema. Mateke mabichi nayo huwasha, lakini tukiyapika vizuri hulika. Difenbakia si mboga: usiipike hata kidogo. Baba akiwa machimboni, mama shambani, watoto hubaki peke yao nyumbani. Kwa hiyo weka mmea juu, mahali mtoto na mbuzi wasipofika. Ukikata majani, nawa mikono na kisu.

Mtoto akitafuna, toa vipande kinywani, msukutue kwa maji, mpe maji baridi ao maziwa anywe kidogo kidogo. Usimtapishe. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15, kisha nenda dispensari. Akivimba koo ao akipumua kwa shida, mpeleke upesi, usingoje kesho.

Maulizo
1. Kwa nini tunatoboa chombo?
2. Utajuaje kama mmea unataka maji?
3. Katika nyumba yako, ni mahali gani mtoto hafiki? Pengine hakuna. Kama hakuna, usiulete mmea huu. Panda maua mengine nje.