Kitufe Hakijui Nguvu: Kupiga Vipande Vigumu vya Mchezo wa Gitaa Bila Kuumiza Mkono

Katika ukurasa wetu wa mwezi huu hatuzungumzii malaria wala kuhara. Tunazungumzia mchezo wa video, ule wa kupiga gitaa la plastiki mbele ya televisheni. Huenda baba na mama watasema, "Hayo ni mambo ya watoto." Lakini mkono unaoumia katika mchezo huo ni ule ule unaoandika shuleni, unaokamua ng'ombe na unaopiga gitaa la kwaya. Ndiyo sababu tumeona inafaa tujifunze pamoja.

KIJANA WA NJIRO

Mama mmoja wa Njiro alituletea mwanawe wa kidato cha pili. Mkono wa kushoto alikuwa ameufunga kwa kipande cha kanga, na hakuweza hata kufungua kizibo cha chupa. Mama alisema kwa hasira, "Nesi, gitaa limemmaliza huyu. Leo nalitia jikoni, liwe kuni."

Tulidhani ni gitaa la nyuzi, kwa kuwa kijana alikuwa anajifunza kupiga gitaa katika kwaya ya vijana. Kumbe lilikuwa gitaa la mchezo, ambalo mjomba wake alimletea kutoka Marekani.

Yatupasa kukiri kosa letu. Siku ile tulimpa dawa ya maumivu, tukamwambia, "Acha huo mchezo," tukamwita mgonjwa mwingine. Baada ya wiki mbili alirudi akiwa na hali mbaya zaidi. Alikuwa ameucheza usiku, sauti akiwa ameizima, akirudia kipande kimoja kilichomshinda. Dawa tuliyompa ilituliza maumivu, naye akaitumia kuendelea kujiumiza.

Mara ya pili tulimpa rula ndefu, tukamwambia aishike kama gitaa na atuonyeshe anavyopiga. Hapo tuliona ugonjwa kwa macho yetu. Kifundo cha mkono kilikuwa kimekunjwa, kidole gumba kimebana rula kama koleo, kidole cha mwisho kimenyooshwa mpaka kinatetemeka. Mabega yalikuwa yamepanda, na pumzi ameizuia. Tulitambua kwamba mchezo wenyewe haukuwa umemwumiza. Kilichomwumiza ni namna yake ya kuucheza.

MCHEZO WENYEWE UKOJE

Mchezo uliovuma zaidi wa aina hii ni Guitar Hero, uliotoka mwaka 2005 kwa mashine ya PlayStation 2. Rock Band ulifuata mwaka 2007. Gitaa lake halina nyuzi. Shingoni lina vitufe vitano: kijani, chekundu, njano, bluu na cha rangi ya chungwa. Mahali pa nyuzi pana kipande kinachosogea juu na chini. Hapa tutakiita kipigio. Alama za rangi zinateremka kwenye kioo kama mawe barabarani. Alama ikifika mstarini, mchezaji anabonyeza kitufe cha rangi ile na kupiga kipigio papo hapo.

Katika ngazi rahisi mtoto anatumia vitufe vitatu, na katika ngazi ya kati vinne. Katika ngazi ngumu vinakuwa vitano, lakini vidole vya kubonyeza ni vinne tu, kwa kuwa kidole gumba kiko nyuma ya shingo. Hapo ndipo vijana wanapoanza kujinyoosha na kubana, na maumivu yanaanzia hapo.

KWA NINI MKONO UNAUMA

Vidole husogezwa na misuli iliyo katika mkono, kati ya kiwiko na kiganja. Misuli hiyo huvuta vidole kwa kano, mfano wa kamba. Kano hupita katika ala nyembamba kwenye kifundo. Mkono ukikunjwa na kubanwa kwa saa nyingi, kano husuguana na ala yake, nafasi inakuwa finyu, na maumivu yanaanza.

Maumivu ya upande wa kidole gumba yalielezwa na daktari wa Uswisi, Fritz de Quervain, mwaka 1895, kabla ya kuwapo mchezo wowote wa video. Hospitalini tunayaona kwa akina mama wanaonyanyua watoto wachanga mara nyingi, na kwa watu wanaofanya kazi ya kubana na kuvuta. Mwaka 1990 daktari wa Marekani, Richard Brasington, aliandika habari za mwanamke wa miaka 35 aliyeumwa kano ya kidole gumba baada ya kucheza mchezo wa Nintendo saa 5 mfululizo. Kwa hiyo jambo hili si geni.

MASOMO SITA YA KIPANDE KIGUMU

1. Kitufe hakijui nguvu. Kitufe kinajua mambo mawili tu: kimebonyezwa au hakikubonyezwa. Ukikikandamiza kwa nguvu zako zote, hupati alama hata moja ya ziada. Jaribuni hivi: bonyeza polepole mpaka kitufe kiitike, uone ni nguvu ndogo kiasi gani inayotosha. Hiyo ndiyo ya kutumia. Kidole gumba kiegemee shingo ya gitaa bila kuibana. Kifundo kinyooke sawa na mkono. Tumia mkanda wa begani, ili mkono usifanye kazi mbili, ya kubeba gitaa na ya kulipiga.

2. Sogeza mkono, usinyooshe kidole. Kwa vitufe vitano, hamisha kiganja chote hatua moja kuelekea kitufe cha tano, kisha urudi. Tazama alama zinazokuja juu ya kioo, si zile zilizokwisha kufika chini, ili ujue mapema mkono uende wapi. Kidole cha mwisho ni dhaifu kuliko vingine. Kisilazimishwe kufanya kazi ya kiganja.

3. Piga kipigio chini na juu kwa zamu. Wanaoanza hupiga chini tu, kisha hurudisha mkono bure. Anayepiga chini na juu anatumia miendo miwili palipohitajika minne. Wapiga gitaa wetu walilijua hili la kutopoteza mwendo. Mwenda Jean Bosco wa Kongo, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, lakini anayesikiliza hudhani magitaa ni mawili.

4. Jua alama zisizohitaji kipigio. Katika vipande vya kasi, baadhi ya alama zina mwonekano wa pekee kwenye kioo. Ukiipiga vizuri alama ya kwanza, hizo zinazofuata unazibonyeza tu, mkono wa kipigio ukipumzika. Tena, alama zinapokuja moja moja, mchezo haukuadhibu kwa kushikilia kitufe cha chini unapobonyeza cha juu. Kwa mfano, kijani na njano zikibadilishana haraka, shikilia kijani, kisha bonyeza na kuachia njano tu. Kazi ya vidole viwili inafanywa na kimoja. Lakini vitufe viwili vikitakiwa kwa pamoja, ruhusa hiyo haipo.

5. Kata kipande, na upunguze mwendo. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Kuanzia toleo la pili, la mwaka 2006, Guitar Hero una sehemu ya mazoezi ambapo mchezaji huchagua kipande kimoja cha wimbo na kukipiga kwa mwendo wa chini. Anza na mwendo mdogo kabisa. Ukikipiga mara tatu bila kosa na bila kukaza mabega, panda ngazi moja. Ukikosea mara tatu mfululizo, shuka. Anayerudia kosa kwa kasi anaufundisha mkono wake kukosea.

6. Hakikisha kosa ni lako. Televisheni bapa za siku hizi huweza kuchelewesha picha kidogo. Mtoto anapiga kwa wakati, mashine inasema amekosea, naye anaongeza nguvu. Katika mipangilio ya michezo mingi ya aina hii kuna mahali pa kusahihisha ucheleweshaji huo. Fanyeni hivyo kwanza. Pia mchezo hutoa nguvu ya akiba kwa anayepiga vizuri alama zenye umbo la nyota, naye huifungua kwa kuinua shingo ya gitaa. Anayeogopa kushindwa aitunze mpaka kwenye kipande kigumu, asiimalize mahali rahisi.

USINGIZI NAO NI MAZOEZI

Kijana wetu alikuwa anakesha. Alidhani akilala atasahau, kumbe ni kinyume chake. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwapa watu zoezi la kubonyeza vitufe vinne kwa mpangilio maalumu kwa mkono wao usio hodari. Waliolala usiku walibonyeza kwa kasi zaidi asubuhi, ingawa katikati hawakufanya mazoezi mengine. Ubongo huendelea kupanga kazi ya vidole mtu akiwa amelala. Kwa hiyo, kipande kikikataa jioni, zima mashine, ukalale, ukijaribu tena kesho.

Sisi tunashauri kucheza dakika 20 hadi 30, kisha kupumzika dakika 10. Wakati wa kupumzika simama, tikisa mikono, tazama mbali nje ya dirisha. Simu isihesabiwe kuwa mapumziko, maana vidole gumba vinaendelea na kazi ile ile. Kwa wadogo, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka 2 hadi 4 wasikae mbele ya kioo zaidi ya saa 1 kwa siku, na ikipungua ni vema zaidi.

MKONO UKIANZA KUUMA

Acha kucheza siku hiyo hiyo. Weka kitambaa chenye maji baridi mahali panapouma kwa dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku. Msikande kwa nguvu wala kuvuta vidole. Usimeze dawa ya maumivu ili uweze kuendelea kucheza. Maumivu ni mlinzi wa nyumba, na anayemnyamazisha mlinzi anamfungulia mwizi.

Njooni hospitali au zahanati mkiona haya:
– maumivu yanazidi wiki moja ingawa mkono umepumzishwa;
– ganzi katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku;
– vitu vinaanguka mkononi;
– mkono umevimba, una joto na wekundu, au kuna homa;
– maumivu yameanza baada ya kuanguka.

Kuna jambo jingine ambalo ni nadra, lakini ni zito. Mwanga unaowakawaka kwa haraka huweza kuamsha degedege kwa baadhi ya watu wenye kifafa cha aina hiyo. Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, watu zaidi ya 600, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali baada ya kutazama katuni ya Pokémon yenye mwanga wa namna hiyo. Msicheze gizani, wala karibu mno na kioo. Mtoto akipatwa na degedege, mlazeni kwa ubavu, ondoeni vitu vigumu vilivyo karibu, msimtie kitu chochote kinywani. Ikizidi dakika 5, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, mpelekeni hospitali mara moja.

KWA WAZAZI

Hatusemi kila nyumba inunue mchezo huu. Tunasema kwamba kuchoma gitaa hakumfundishi mtoto kutunza mkono wake. Atakwenda kucheza kwa jirani, na huko hamtamwona. Kaeni naye dakika kumi, mtazame kifundo, mabega na pumzi. Mkiona mchezo unamla masomo, chakula na usingizi kwa muda mrefu, naye hawezi kujizuia, hilo si suala la mkono tena. Njooni tuzungumze, bila kumwonea haya.

Kijana wa Njiro alipumzisha mkono wiki tatu, kifundo kikiwa kimefungwa kwa kitegemeo. Baadaye alianza upya, dakika 10 kwa siku, kwa mwendo wa chini kabisa. Ilichukua karibu miezi miwili mpaka mkono ukatulia. Jumapili moja tulimwona na gitaa la kwaya, mabega yameshuka, kidole gumba kimelegea. Tulipomwuliza kuhusu kipande kile alicheka, akasema, "Shikamoo nesi. Nilikipita Jumamosi asubuhi, kabla ya chai. Sikutumia nguvu yoyote."

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA FAMILIA

1. Nani nyumbani mwetu ana maumivu ya mkono ambayo hajayasema, kwa kuogopa kukatazwa jambo analolipenda?
2. Ni kazi gani tunazozifanya kwa kubana na kukaza, wakati nguvu ndogo ingetosha?
3. Tumewahi kumwambia mtoto "acha" kabla ya kumwuliza "unafanyaje"?