Palizi ya Mapema Ndiyo Huokoa Mboga

Chukua mashamba mawili ya vitunguu yanayopakana kule Mitunguu. Miche ilipandikizwa siku moja, mbolea ni ile ile, na kila shamba limepaliliwa mara mbili. La kwanza lilipaliliwa wiki ya 3 na ya 6 baada ya kupandikiza. La pili, wiki ya 8 na ya 11. Wenye mashamba wamelipa vibarua pesa sawa, na ukipita hapo wiki ya 12 utakuta yote mawili ni safi. Tofauti huonekana siku ya kung'oa. Shamba la pili litatoa vitunguu vingi vidogo ambavyo mnunuzi huvitenga kando.

Sababu iko kwenye mmea wenyewe. Kitunguu hukua polepole, na majani yake husimama wima kama mabomba membamba. Hayafuniki udongo hata yakikomaa, kwa hivyo jua hufika chini na magugu huendelea kuota msimu mzima. Mizizi yake nayo ni mifupi na haina matawi mengi. Gugu lililo pembeni huwahi maji na mbolea kabla yake. Kitunguu huumia zaidi kuanzia takriban wiki ya 3 hadi ya 8, wakati kinapojenga majani, na majani hayo ndiyo hulisha kichwa baadaye. Kikinyimwa chakula wakati huo, palizi ya baadaye husafisha shamba tu.

Kabeji na sukumawiki zina nafuu. Zikilindwa kuanzia wiki ya 2 hadi ya 6 hivi baada ya kupandikizwa, majani yake hufunika ardhi na kuyanyima magugu mwanga. Mishiri ina haraka: huanza kuchumwa baada ya wiki 7 hivi, kwa hivyo kuchelewa wiki mbili ni kupoteza sehemu kubwa ya maisha yake. Ipalilie wiki ya 2 au ya 3, kisha mara nyingine kabla ya maua. Subiri umande ukauke, maana kupita kwenye majani yaliyolowa hueneza magonjwa. Karoti changa hushindwa upesi sana. Palizi yake ya kwanza ifanywe kwa mkono, pamoja na kupunguza miche.

Wakulima wengi huku kwetu wanayajua haya. Kinachowachelewesha ni uhaba wa mikono. Mvua ya Oktoba hadi Desemba huotesha magugu wakati ule ule kahawa inapoiva kwenye miteremko ya Meru na Embu. Kibarua atafuata kahawa, na huwezi kumlaumu.

Kwa hivyo panga palizi kabla ya kupanda. Hesabu watu utakaowapata wiki ya 3, kisha pandikiza eneo watakaloweza kumaliza, hata kama ni robo ekari tu. Sehemu nyingine ipande wiki mbili baadaye ili kazi isikuangukie yote siku moja. Mwenye maji ya kunyunyizia ana njia nyingine nzuri: tayarisha shamba mapema, nyunyizia maji, ngoja magugu yachipue kwa wiki mbili, yaparue juujuu, ndipo upandikize. Usilime tena kwa kina, utaleta juu mbegu zilizolala chini.

Mbolea ya kukuzia pia isubiri jembe. Ukiweka CAN shamba likiwa na magugu, yatakula kabla ya mboga, hata kama mbolea hiyo ulipata kwa bei ya ruzuku.

Magugu nayo hayafanani. Lile laini lenye maua madogo, katikati njano na pembeni meupe, ambalo wataalamu huliita Galinsoga, hutoa mbegu wiki chache tu baada ya kuota. Lile la kutambaa lenye maua ya buluu huota tena kutoka kwa vipande vilivyokatwa ikiwa udongo una unyevu, hivyo lipalilie kukiwa na jua au ulitoe nje ya shamba. Ndago huchipuka upya kutoka kwa viazi vyake vidogo vya chini, na palizi moja haiwezi kuimaliza.

Ikiwa umeshachelewa na kitunguu kimeanza kujaza kichwa, usilipie palizi ya jembe, maana litakata mizizi iliyo karibu na uso wa udongo. Ng'oa kwa mkono kishona nguo na mengine yanayokaribia kukomaza mbegu, kisha uyatoe shambani.