Weusi wa Matope ya Mikoko

Mtu akichoma kijiti katika matope ya mikoko, iwe Kaole au karibu na mdomo wa Mto Ruvu, kaskazini ya mji wa Bagamoyo, ataona utando mwembamba wa rangi ya udongo juu, na chini yake matope meusi yanukayo mayai viza. Kazi hii ni ya bakteria, nasi twaweza kuikadiria kwa hesabu ya darasani.

Bakteria hao hula majani ya mikoko yaliyoanguka, na ili kukiunguza chakula chao hutumia oksijeni. Oksijeni hushuka polepole kutoka maji ya juu, nao huitwaa njiani. Kielelezo chetu, basi, ni kama daftari la mwenye duka: kiingiacho na kitumikacho. Kina ambapo oksijeni hukoma tukiite u. Kanuni yake ni hii:

u² = 2 × E × K ÷ M

E ni kasi ya oksijeni kuenea ndani ya matope, takriban milimita mraba 0.001 kwa sekunde. K ni oksijeni iliyomo katika maji ya juu, tuseme miligramu 6.4 kwa lita. M ni matumizi ya bakteria. Tuchukulie miligramu 0.0032 kwa lita kila sekunde. Tukikokotoa, u² ni 4, yaani u ni milimita 2 tu! Matumizi yakipungua hadi robo, kina huwa milimita 4, wala si 8. Mwalimu awaulize wanafunzi sababu.

Chini ya hapo bakteria wa aina nyingine hutumia naitreti, kisha kutu ya chuma (ndiyo maana utando wa juu huwa mnene kuliko tabaka lenye oksijeni), kisha salfeti. Maji ya bahari yana takriban gramu 2.7 za salfeti kwa lita. Kwa hesabu ya molekuli, hiyo ni kama mara 140 ya oksijeni, na kila molekuli ya salfeti hufanya kazi ya mbili za oksijeni. Salfeti ikitumika hutoa haidrojeni salfaidi, yenye harufu ile. Nayo ikikutana na chuma hufanya salfaidi ya chuma, iliyo nyeusi, na baadaye pairaiti.

Kielelezo hiki kina kasoro. Kimechukulia M kuwa sawa kila mahali, ilhali mashimo ya kaa na mizizi ya mchu hupeleka hewa chini. Tena bakteria hupunguza kasi chakula kikiadimika, jambo ambalo Mfaransa Jacques Monod alilipatia kanuni mwaka 1942.

Hata hivyo chatuonya vizuri. Mikoko ikikatwa na matope yakakaushwa ili kupata shamba au bwawa, hewa huingia katika nyufa. Humo oksijeni huenea kwa kasi ya mara 10,000 hivi kuliko majini, na lita ya hewa ina oksijeni mara 40 kuliko lita ya maji yetu. Mwanafunzi aingize tarakimu hizo mahali pa E na K. Pairaiti iliyotulia miaka mingi hugeuka asidi ya salfuriki, pH ya udongo yaweza kushuka chini ya 4, na mpunga uliopandwa hapo hufa.