Kuchagua Nyumba ya Pwani kwa Familia Nzima: Mwongozo kwa Wakazi wa Nachingwea na Ruangwa

Fedha za mnada wa korosho zimeingia, shule zinafungwa Desemba, na watoto wanadai kuiona bahari. Au ni Juni, ufuta umeuzwa, na hali ya hewa ni ya ubaridi. Unataka uwachukue wote: babu, bibi, shangazi, watoto na wajukuu. Kabla ya kutafuta nyumba, jiulize nani katika msafara huu ana taabu zaidi ya kutembea, kulala au kula. Nyumba ikimfaa huyo, wengine watajipanga.

Twende wapi?

Kutoka Ruangwa unashukia Nanganga. Kutoka Nachingwea unapita huko huko Ruangwa au unazungukia Masasi. Barabara ya Masasi inakufikisha Mingoyo, kwenye njia panda: kushoto Lindi, kulia Mtwara.

Lindi mjini ndiko karibu zaidi, na hospitali ya mkoa ya Sokoine iko hapo hapo. Kama mzee wenu anatumia dawa za presha au sukari, hilo ni jambo la maana.

Mtwara iko mbele kidogo, ila ina nyumba na gesti nyingi za kuchagua, pamoja na hospitali ya rufaa ya mkoa ya Ligula. Ufukwe wa Shangani uko mjini. Mikindani, mji mkongwe wenye nyumba za mawe na Boma la Wajerumani, ni jirani. Mkitaka Msimbati, jueni kwamba iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na kuna kiingilio. Ulizeni bei kabla ya kuondoka.

Kilwa Masoko ni mbali: ukishafika Lindi bado una karibu kilomita 200. Malipo ya safari hiyo ni magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Lakini kufika kisiwani ni kwa chombo cha majini. Mzee mwenye magoti mabovu asilazimishwe.

Twende lini?

Juni na Julai mvua huwa zimekwisha, ila upepo wa kusi huvuma na bahari huchafuka. Desemba joto ni kali na mvua zinaanza. Aprili na Mei ni bora kuepuka. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani hii. Wakati wowote utakaochagua, fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Nyumba nzima au vyumba vya gesti?

Nyumba nzima, ile inayopangishwa kwa siku, ina jiko, sebule na ua. Wazee wanaongea, watoto wanacheza, na chakula mnapika wenyewe. Gesti ina mhudumu wa usafi na mara nyingi mlinzi, ila mtagawanyika vyumbani.

Piga hesabu kabla hujaamua. Kwa mfano tu: mko 10, mnalala siku tatu. Vyumba vitano vya gesti kwa shilingi 30,000 kila kimoja ni 450,000. Nyumba ya shilingi 120,000 kwa siku ni 360,000; ukiongeza 60,000 za umeme, gesi na mtu wa usafi unafika 420,000. Tofauti ni ndogo. Lakini sahani mbili kwa siku za shilingi 4,000 kwa watu 10 ni 240,000 kwa siku hizo tatu. Mkiwa na jiko, mkabeba mchele, unga, choroko na mbaazi kutoka nyumbani, mtanunua samaki na mboga tu. Badilisha bei hizi kwa zile utakazotajiwa, kisha linganisha.

Niulize nini kwa simu?

Usiulize "ni nzuri?" Kila mwenye nyumba atasema ndiyo. Uliza hivi:

Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Je, kipo ndani? Kwa bibi, swali hili linatangulia mengine yote.

Kuna ngazi ngapi mpaka chumbani? Wazee walale chini, karibu na choo.

Vitanda ni vingapi na vina upana gani? Kila kitanda kina chandarua kisichotoboka? Malaria ya Lindi na Mtwara si ya kupuuza.

Maji yanatoka kila siku, au kuna tangi la akiba? Umeme wa LUKU ananunua nani?

Kuna uzio na geti? Kisima kina mfuniko? Kama kuna mtoto mdogo na bahari iko hatua chache, geti lisilofungika linatosha kuikataa nyumba hiyo.

Gari linafika mlangoni?

Omba video ya nyumba nzima, kuanzia barabarani mpaka chooni. Picha moja ya ufukwe haikuonyeshi chochote cha hayo.

Nilipeje bila kutapeliwa?

Kama una ndugu au rafiki mjini humo, mtume akaione. Kama huna, omba namba ya ofisi ya serikali ya mtaa uthibitishe kwamba mwenye nyumba anajulikana. Lipa kianzio kidogo, si fedha yote. Unapotuma kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa si la mliyekubaliana naye, simama. Makubaliano yaandikwe kwa ujumbe: tarehe, idadi ya watu, bei, na fedha itarudije safari ikivunjika. Salio lipa mkishakagua nyumba, na dai risiti. Ukishuku utapeli, tuma neno UTAPELI kwenda 15040.

Na bahari yenyewe?

Maji hujaa na kupwa takriban kila baada ya saa sita, na nyakati husogea karibu dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Wiki moja baadaye mambo hugeuka. Waulize wavuvi wa hapo kila asubuhi. Maji yakipwa, watoto wavae viatu. Kuna mawe na viumbe wenye miiba. Mtu mzima mmoja apewe zamu ya kuwaangalia wanaooga, na zamuni asishike simu. Namba ya dharura ni 112.

Bebeni vitambulisho, kadi za bima ya afya na dawa za wazee za kutosha siku zote na ziada. Kisha, kabla ya kutuma kianzio, msomee bibi majibu ya mwenye nyumba. Akikubali yeye, lipeni.