Unataka Kazi ya Kuweka Misimbo ya Magonjwa? Anzia Hapa

Mgonjwa wa bima anaweza kuonana na daktari, kupimwa na kuondoka na dawa zake, huku hospitali ikiwa bado haijalipwa hata senti. Kwanza lazima mtu asome faili lake na kuupa kila ugonjwa msimbo: shinikizo la damu ni I10, kujifungua kwa njia ya kawaida ni O80. Msimbo ukikosewa, madai yanarudishwa. Ni kazi ya maana, na vijana wengi waliosoma baiolojia hawajui hata kama ipo.

1. Fungua orodha yenyewe ya misimbo. ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani inasomeka mtandaoni bila malipo. ICD-11 ilianza kutumika rasmi Januari 2022, ila nchi hazihami kwa kasi moja, kwa hiyo ijue ya 10 vizuri kwanza. Usikariri namba. Zoea sura zake: A na B ni maambukizi, J ni mfumo wa upumuaji, S ni majeraha.

2. Ujue mwili. Ukiambiwa mgonjwa kavunjika mkono, bado hujaambiwa kitu. Karibu na kiganja, kwenye mfupa wa upande wa kidole gumba, ni S52.5. Juu karibu na bega ni S42.2.

3. Soma faili hadi ukurasa wa mwisho. Hapa ndipo kazi ilipo. Tuseme ukurasa wa kwanza umeandikwa "malaria" tu. Mvivu anaweka B54, yaani malaria ambayo aina yake haikutajwa, anafunga faili. Wewe geuza ukurasa. Maabara wameona kimelea cha malaria aina ya falciparum, na daktari ameandika kwamba mgonjwa alipoteza fahamu, malaria imepanda kichwani. Hiyo ni B50.0. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini alilazwa na kuchomwa sindano za malaria kali. Ukiweka B54, mkaguzi wa bima ana haki ya kuhoji. Homa nayo usiipe msimbo wake, kwa kuwa ni dalili ya malaria hiyohiyo.

4. Kisichoandikwa usikiweke. Daktari akisahau, mrudishie faili aandike mwenyewe. Kuongeza ugonjwa ili malipo yanenepe ni wizi, nasema bila kuzunguka. Tena unapotosha takwimu ambazo wizara inazitegemea kupanga dawa.

5. Chagua chuo kwa kuangalia mwajiri. Kenya, chuo cha KMTC kinatoa diploma ya kumbukumbu za afya na teknolojia ya habari. Tanzania, wapo wanaoingilia kwenye kumbukumbu za afya, uuguzi au utabibu, kisha wakajifunzia kazini kwenye kitengo cha madai. Vyeti vya Marekani kama CPC na CCS vinaheshimika, ila vinapima mfumo wa kwao, ICD-10-CM, pamoja na misimbo yao ya huduma. Vinakufaa kama unalenga kuwafanyia kazi Wamarekani. Na hata hapo, mwenye CPC asiye na uzoefu hubandikwa herufi A, ishara kwamba bado ni mwanagenzi. Tangazo linalokuahidi dola ukiwa nyumbani baada ya wiki chache za kozi, lipite.

6. Funga mdomo, na simu pia. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, Kenya ya 2019. Usipige picha faili la mgonjwa ukalirusha kwenye grupu la WhatsApp, hata kama unaomba msaada wa msimbo.

7. Omba kujitolea. Nenda hospitali iliyo karibu nawe, ya serikali au ya misheni, uliza kitengo cha madai. Nenda mwisho wa mwezi, mafaili yanapokuwa yamerundikana mezani na kila anayeweza kusoma mwandiko wa daktari anahitajika.