Maji ya Kijani Kwenye Tangi la Samaki: Punguza, Usiue

Leo tuongee kuhusu ukijani kwenye matangi ya nyumbani. Naulizwa sana, halafu mimi mwenyewe niliwahi kukosea hapa.

Nikiwa mgeni kazini, kijana mmoja wa hapa Kanazi alinionyesha tangi lake la saruji nyuma ya nyumba. Alikuwa anafuga sato wa kuuza, na maji yalikuwa ya kijani mpaka samaki hawaonekani. Nikamwambia aweke mrututu kidogo. Kweli, ukijani ulikufa. Siku ya pili alfajiri simu ikaita: "Shikamoo bwana shamba, samaki wanaelea." Nilikuta zaidi ya nusu wamekufa. Hela ya vifaranga na ya chakula ilipotea, na kosa lilikuwa langu.

Kwa nini walikufa?

Ukijani ule ni mwani, yaani mimea midogo sana. Mchana, jua likiwaka, mwani unatoa oksijeni. Usiku unaitumia, kama samaki wanavyoitumia. Ndiyo maana oksijeni huwa chini kabisa alfajiri. Ukiua mwani wote kwa mpigo, unaoza, na kuoza kunamaliza oksijeni iliyobaki. Tena mrututu wenyewe ni sumu kwa samaki. Uache shambani.

Mwani unatoka wapi?

Unahitaji vitu viwili: mwanga na mbolea. Mbolea hiyo ni kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki. Huku kwetu Ngara kuna baridi ya milimani, hasa usiku wa Juni na Julai. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20, sato anapoteza hamu ya kula. Wewe ukiendelea kumwaga chakula kilekile cha siku za joto, unalisha mwani.

Pima kwa mkono

Zamisha mkono wima, kiganja kikiwa kimekunjwa kukutazama. Kiganja kikipotea maji yakiwa karibu na kiwiko, ukijani ni wa kawaida, na vifaranga wa sato wanaula pia. Kikipotea maji yakiwa bado mbali chini ya kiwiko, umezidi. Chukua hatua siku hiyo hiyo.

Hatua za kufuata

1. Simamisha chakula siku moja au mbili. Samaki hawatakufa njaa. Ukirudi kulisha, toa kidogo kidogo, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika 10 hadi 15. Kinachobaki, kichote.

2. Punguza maji robo, ukinyonya kwa mpira kutoka chini kwenye uchafu. Jaza taratibu. Maji ya chemchemi ni ya baridi, usiyamwage yote kwa mara moja. Rudia kila siku mpaka kiganja kionekane vizuri. Ukitumia maji ya bomba yenye dawa, yaache wazi kwenye pipa siku moja kwanza.

3. Weka kivuli nusu ya tangi. Neti ya kivuli au paa la nyasi vinafaa. Majani ya migomba usiyaweke, yanadondoka na kuoza.

4. Ukoga wa ukutani sugua kwa brashi isiyo na sabuni, upande mmoja kwa wiki, kisha chota unaoelea.

5. Usiweke samadi kwenye tangi la kulishia. Samadi ni ya bwawa la udongo, na huko pia kwa kipimo.

Yale maji ya kijani uliyotoa usiyamwage barabarani. Mwagilia mchicha au migomba, ni mbolea tayari.

Dalili ya hatari

Amka saa kumi na moja alfajiri ukaangalie. Sato wakiwa juu wanahema midomo wazi, oksijeni imeisha. Ongeza maji mapya papo hapo, yakidondoka kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Kambale usikutishe akipanda mara moja moja, yeye anaweza kuvuta hewa ya juu.

Yule kijana alianza upya, na nilichangia vifaranga. Tangi lake sasa lina paa la nyasi, na maji bado yana ukijani kidogo. Kila nikipita ananiuliza, "Bwana shamba, leo umekuja na mrututu?" Tunacheka, ila somo nimelishika.

Kazi njema. Kesho alfajiri, kabla ya kulisha, pima kwa mkono.