Hasara Ndogo Ndogo za Kila Siku Zizini

Ndugu mkulima wa Mbulu na Hanang, ng'ombe akifa kila mtu huiona hasara. Lakini iko hasara nyingine isiyoliliwa na mtu, kwa sababu huja kidogo kidogo. Fanya hesabu: nusu lita ya maziwa ikipotea kila siku, kwa siku 300 za kukamua umepoteza lita 150. Yaangalie mambo haya sita.

1. MAJI. Sehemu kubwa ya maziwa ni maji. Ng'ombe anyweshwaye mara moja tu, adhuhuri, hulala na kiu na maziwa hupungua. Weka maji safi zizini asubuhi na jioni.

2. NDAMA. Anyonye dang'a mapema, kabla ya saa 6 kupita tangu kuzaliwa. Dang'a ndiyo kinga yake ya kwanza. Akicheleweshwa, kinga hiyo haiingii vema mwilini.

3. KUPE. Ndigana kali huletwa na kupe wa masikioni. Usiruke siku ya kuogesha, wala usizidishe maji katika dawa ili itoshe ng'ombe wengi. Dawa hafifu haiui kupe, bali huwazoeza.

4. JOTO. Ng'ombe asiyeshika mimba hurudi kwenye joto baada ya siku 21 hivi. Mtazame alfajiri na jioni. Dalili zikikupita, umepoteza majuma 3, naye hula bure.

5. MABUA. Mabua ya mahindi yakimwagwa chini, mengi hukanyagwa na kuchafuliwa. Yakatekate, uyatie horini. Yaliyobaki yahifadhi penye kivuli, yasaidie wakati wa kiangazi.

6. SAMADI. Wairaqw wa nyanda za juu za Mbulu tangu zamani hulaza ng'ombe nyumbani na kupeleka samadi mashambani. Desturi hii ni njema. Lakini samadi iachwayo juani na mvuani hupoteza nguvu. Irundike mahali pamoja, uifunike kwa majani, na ukiipeleka shambani ifukie siku ile ile. Mahindi na maharage yatakuonyesha tofauti.

Si lazima uyaanze yote leo. Anza na maji. Pima maziwa kwa chombo kile kile kila siku kwa majuma mawili, uandike. Kisha endelea na jambo la pili. Ukikwama, mwulize Afisa Mifugo wa kata yako.